Chumvi ya Skonzi za Masi Hurbai

Shehnaz wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyeanza kusema kwamba Masi Hurbai anakula mchana wa Ramadhani.

Alipanda kwangu na sinia la dengu aliyokuwa akiichambua, akaketi kizingitini bila kukaribishwa, akavuta mtandio wake mbele kama mtu anayetaka kusema jambo la aibu. Aibu yenyewe hana.

"Mama Mehak, nikwambie kitu, lakini usiseme nimekwambia mimi."

"Sitasema."

"Utasema, lakini basi. Huyo bibi yako wa juu anakula."

"Nani? Masi?"

"Masi huyo huyo. Nimepanda kuanua nguo zangu juu ya paa. Mlango wake u wazi kwa ajili ya joto. Nikamwona kasimama jikoni, mdomo unachezacheza. Saa nne, mchana kweupe! Siku ya sita ya mwezi!"

"Labda alikuwa analeta dhikri."

"Dhikri gani ya kulamba vidole?"

Nilimbadilisha Mehak titi. Shehnaz aliokota kijiwe kwenye dengu, akakitupa ngazini, akasema yeye hamhukumu mtu, Mungu ndiye ajuaye, ila mtu mwenye kuuza chakula kwa Waislamu waliofunga ingefaa awe na haya. Kisha akashuka kwenda kumwambia mke wa fundi saa.

Masi Hurbai alikaa ghorofa ya tatu, juu ya nyumba yangu. Masi ni mama mdogo, na jengo zima tulimwita hivyo ingawa hakuna aliyechangia naye damu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kila siku isipokuwa Ijumaa alioka skonzi mia na ishirini, akaziteremsha kwa kapu na kamba kutoka roshani yake hadi mtaani, na Latif wa kibanda cha pembeni ya msikiti akazipokea. Latif huzipasua, hupaka chatini, hutia kababu ya dengu na yai lililopigwa povu. Siku hizi vijana wa mtaa wetu wa Kharadar wanataka baga kama wanazoziona kwenye simu, kwa hiyo nusu ya skonzi zilikuwa ndogo za kababu, na nusu pana za baga, zenye ufuta juu. Zote zilitoka kwenye donge moja.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Marehemu mumewe, Ghani, alikuwa mkandaji katika duka la mikate la Mwirani mmoja, enzi za kukanda kwa mikono. Akirudi nyumbani vidole vilikuwa havikunjiki. Masi humkanda kwa mafuta ya haradali, na Ghani humsimulia unga, kama wanaume wengine wanavyosimulia siasa. Leo unga ulikuwa mvivu. Leo hamira imekasirika. Leo nimezidisha maziwa, mwenye duka hakujua. Miaka kumi na tisa Masi alisikiliza habari za unga bila kuugusa. Ghani alipofariki, na duka likafungwa, Mwirani alimpa mjane vitu viwili badala ya kiinua mgongo: trei za chuma na oveni moja ya gesi. Oveni ilipandishwa na wapagazi wawili, ikakwama kwenye kona ya ngazi, na kovu la plasta lipo mpaka leo. Kila mgeni huuliza kuna nini pale, na kila mtoto wa jengo anajua jibu.

Skonzi zake za mwanzo zilikuwa mawe. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba baba yake Latif alinunua sita za kwanza kwa huruma, akazitumia kuzuia gurudumu la mkokoteni. Siku moja alikuwa amempikia mwanawe Farhan uji mzito wa unga wa ngano na maziwa. Mtoto akakataa. Masi hakuweza kumwaga maziwa, akautumbukiza uji uliopoa ndani ya donge. Skonzi zikatoka laini, na kesho yake bado laini. Tangu hapo kila donge lake lilianza na uji.

Nimemwona akifanya kazi mara nyingi, kwa kuwa mtu akiwa na mtoto mchanga hupanda na kushuka ngazi kutafuta upepo. Alikaa juu ya kibao kifupi, beseni katikati ya magoti. Uji, mayai, sukari, hamira iliyokwisha kutoa povu, unga kwa kiganja. Alikanda kwa kusukuma na kisigino cha mkono, akakunja, akageuza, tena na tena, mpaka donge likaacha kunata. Hapo ndipo alitia samli, na likaanza kunata upya, naye akalikanda upya bila kulalamika. Donge likiwa tayari alilivuta kati ya vidole mpaka likawa kama kitambaa unachoweza kuona mwanga ng'ambo yake. Akalifunika, akaliacha liumuke. Gesi ya bomba mwezi wa Ramadhani huja saa tisa alasiri, kwa hiyo alihesabu kurudi nyuma: saa tatu asubuhi kukanda, adhuhuri kukata na kuviringa, saa tisa oveni.

Chumvi aliitia mwisho, na hakuipima. Alinunua chumvi ya mawe, ile ya waridi, akaitwanga mwenyewe kwenye kinu. Jiwe moja huwa kali, jingine baridi. Kwa hiyo alitia kidogo, akachukua punje ya unga kwa ncha ya ulimi, akaonja, akatema, akaongeza. Mwezi wa kufunga alifanya hivyo hivyo, maana mpishi ameruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi mradi asimeze. Akimaliza husukutua. Hilo ndilo Shehnaz aliloliona, na wala si siri. Mama zetu wote hufanya.

Ila mwaka ule kulikuwa na jambo jingine, nami nililiona siku iliyofuata.

Kamba ya kapu ilinasa kwenye chuma changu cha kuanikia nguo. Masi akaita kutoka juu:

"We Mama Mehak! Kapu langu limeolewa huko kwako?"

"Limekataa kuondoka, Masi."

"Lipe talaka, nina kazi nalo!"

Niliinasua, kisha nikapanda na Mehak begani kumwambia kamba imeanza kulika. Nilimkuta na beseni. Akaonja unga, akatema. Akakaa kidogo akiangalia ukutani. Akaonja tena, akatema. Akatia chumvi, akakanda, akaonja. Nilihesabu mara tano. Mtu aliyeoka miaka ishirini na mbili haonji mara tano.

Nilijua pia kwamba siku ya nne ya mwezi skonzi zilitoka bila chumvi kabisa. Mume wangu alikula moja kwa Latif, akarudi akisema imepooza kama pamba ya hospitali. Latif alimwambia Masi kwa utani tu, maana mara moja humtokea kila mtu. Lakini jengo zima lilijua maana ya skonzi za Masi kukataliwa. Farhan, mwanawe, amehamia Gulshan, upande mwingine wa jiji, nyumba mpya, na amemtengea mama yake chumba chenye kiyoyozi. Kila Ijumaa alikuja kumbembeleza. Mwishowe Masi alimjibu mbele yetu ngazini: "Siku Latif atakapoacha kuchukua skonzi zangu, ndiyo siku utaleta gari la mizigo. Kabla ya hapo usinisumbue." Farhan alifurahi. Aliliona jambo hilo kuwa la miezi tu. Limefika mwaka wa pili.

Masi aliinua kichwa, akaniona nimesimama.

"Wewe hufungi," alisema.

Niliona haya. Anayenyonyesha ameruhusiwa kula, lakini hatutangazi. Tunakula nyuma ya mlango.

"Ninanyonyesha, Masi."

"Najua unanyonyesha, sijakuuliza kosa. Njoo uonje huu."

Alinikatia kipande kama punje ya njegere. Nilikitia mdomoni. Kilikuwa kikali kwa chumvi, mpaka mate yakanijaa.

"Vipi?"

Nyumbani kwetu nilifundishwa mambo machache kabla ya kuolewa, na moja lilikuwa kwamba chakula hakitiwi kasoro. Ukikipenda kula, usipokipenda kiache, lakini mdomo wako usikiaibishe. Tena chakula cha mkubwa, tena cha mjane. Hata sikufikiri.

"Kiko sawa, Masi."

"Sawa sawa?"

"Kitamu."

Alitikisa kichwa taratibu, akalifunika donge kwa kitambaa chenye unyevu. Nilishuka.

Alasiri ile harufu ya skonzi ilishuka ngazini kama siku zote, na Mehak akageuza kichwa kuifuata. Masi alizipaka yai na maziwa, akanyunyiza ufuta, akazitoa zikiwa na rangi ya kahawia inayong'aa. Kapu lilipita mbele ya roshani yangu likishuka mara nne. Zilikuwa nzuri kuliko siku nyingine, zimevimba pande zote, hakuna iliyokaa upande.

Latif hafuturishi watu kabla hajafuturu yeye. Akifuturu kwa tende na maji, hujikatia skonzi moja, ndipo awashe moto wa kababu. Kwa hiyo ilikuwa punde tu baada ya magharibi tuliposikia sauti yake mtaani.

"Masi! Ee Masi!"

Madirisha yakafunguka. Shehnaz alikuwa wa kwanza, na kipande cha sambusa mkononi.

"Nini, Latif?" Masi alijibu kutoka juu.

"Leo umekandia maji ya bahari ya Clifton?"

Watu wakacheka. Masi hakucheka.

"Sema vizuri."

"Nasema vizuri. Nimekula moja, sasa nimeshamaliza jagi la maji. Watu wamefunga tangu alfajiri, Masi, niwape chumvi? Waniue?"

"Zote?"

"Ni donge moja, si ndiyo? Basi zote." Alishusha sauti kidogo, lakini mtaa wetu ni mwembamba na kila neno hupanda. "Masi, wewe ni mama yangu. Baba yangu alianza na wewe. Lakini juzi chumvi hakuna, leo chumvi tupu. Ya tatu ikija hivi, nitakwenda kwa wale wenye mashine. Skonzi zao ni karatasi, lakini ni karatasi ileile kila siku."

"Funga kwenye kapu," Masi alisema.

Alizifunga. Kapu lilipita tena mbele ya roshani yangu, safari hii likipanda, zito, likijigonga ukutani kwa kila mvuto. Lilipanda hivyo mara nne. Sikutoka kumsaidia. Nilikuwa ndani, nimempakata Mehak, na mume wangu akauliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba.

Shehnaz alipanda asubuhi kabla sijamaliza kufagia.

"Unaona? Anayekula mchana, Mungu humfunga ulimi. Hawezi hata kujua chumvi."

"Shehnaz, huyo mama anaonja na kutema, kama mama yako."

"Mama yangu hatii chumvi ya kuua watu." Akanong'ona, "Nasikia Farhan kashapigiwa simu. Nani kampigia, sijui."

Alijua vizuri nani kampigia. Nilimpa mgongo, nikaendelea kufagia, naye akaondoka amenuna, maana mgongo si jibu.

Saa nne mlango ukagongwa tena. Nilidhani ni yeye amerudi. Alikuwa Masi Hurbai.

Miaka mitatu nimeishi chini yake, hajapata kushuka kwangu. Alikuwa mtu wa kufuatwa. Alisimama na bakuli kifuani, limefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na pumzi zilikuwa zikimpanda kwa ngazi zile. Mikono ilikuwa na unga hadi viwikoni. Nilimkaribisha, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akaliweka bakuli mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Akamwangalia Mehak.

"Anakua."

"Alhamdulillahi."

"Meno?"

"Mawili ya chini."

Akakirekebisha kitambaa cha bakuli. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti:

"Jana ulionja."

"Nilionja, Masi."

"Ulimeza?"

"Nilimeza."

"Chumvi ilikuwaje?"

Nilitazama sakafu. "Ilizidi."

"Ilizidi kidogo?"

"Ilizidi sana."

"Ukaniambia kitamu."

"Masi, ningesemaje? Wewe ni mkubwa. Chakula hakitiwi kasoro."

"Chakula hakitiwi kasoro kikishapakuliwa," alisema Masi Hurbai. "Ule ulikuwa bado unga. Unga ukizidi chumvi, nakanda mwingine usio na chumvi, nauchanganya, mambo yamekwisha. Ungesema neno moja. Neno moja, mwanangu, na Latif asingepiga kelele mtaa mzima."

Nje muuza barafu alikuwa akipita na mkokoteni wake, akipiga kengele, na Masi alisubiri apite.

"Ile homa ya baridi," alisema, "ile iliyonilaza siku kumi na moja. Uliniletea mchuzi wa kuku."

"Nakumbuka."

"Nilikwambia mtamu."

"Ndiyo."

"Sikuuonja. Ulikuwa kama maji ya moto. Tangu siku ile ulimi haurudi. Chumvi, sukari, pilipili, vyote maji ya moto. Pua inasikia kidogo, ndiyo maana najua skonzi zikiiva. Ulimi hapana. Nilidhani utarudi. Daktari akasema subiri. Nimesubiri. Miezi ya kawaida nilikuwa nampa yule mama wa kuosha ngazi kipande, namtazama uso. Akikunja uso najua. Sasa amefunga. Jengo zima limefunga."

"Na ukipima kwa kijiko, Masi? Chumvi ya pakiti?"

"Nilipima. Ile siku ya nne ilikuwa ya kijiko na pakiti. Nilisimama hapo na kijiko, nimetia, sijatia, sijui. Mtu aliyezoea ulimi akipewa kijiko anakuwa kama mtoto. Nikaonja kuhakikisha, nikasikia maji ya moto, nikasema basi nimetia. Kumbe bado." Alitikisa kichwa, kana kwamba habari yenyewe ni ya mtu mwingine. "Jana nikarudi kwenye yangu ya kutwanga. Nayo umeiona."

"Farhan anajua?"

"Farhan anajua Latif amepiga kelele. Hilo linamtosha. Amesema Ijumaa anakuja." Alipangusa unga kiwikoni. "Chumba chake kizuri. Nimekiona. Dirisha halifunguki, kwa sababu ya kile kiyoyozi. Nitakaa humo nimsubiri nani?"

Mehak alinyoosha mkono akashika ncha ya kitambaa cha bakuli. Masi hakumzuia. Alikifungua kitambaa mwenyewe. Unga ulikuwa umekandwa vizuri, mweupe wenye manjano ya mayai, unang'aa kwa samli. Alibonyeza kwa kidole, na kishimo kikajaa taratibu.

"Huu ni wa leo," alisema. "Sijauacha uumuke sawasawa. Nikikosea huu, jioni Latif atakwenda kwa wenye mashine, na sitamlaumu. Hata mimi ningekwenda."

Alikata kipande, akakiviringa kwa vidole viwili mpaka kikawa duara kamili, kwa mazoea tu, maana hakikuhitaji kuwa duara. Akaninyooshea.

"Onja," alisema. "Na leo usinistahi."